Mwamvuli si Chai

Baba yangu,

Nimeolewa.

Najua ungepandisha miwani yako na kuniambia nimeanza na uamuzi kabla ya sababu, kama hakimu mwenye haraka ya kwenda kula. Nivumilie leo. Moyo umejaa hadi mdomoni, na mtu niliyetaka kumwambia kabla ya wote ni wewe, nawe hupo kibarazani.

Mimi, Paskalina wako, ni mke wa Lemayani! Naosha vyombo najisemea hivyo, natembea njiani najisemea hivyo. Asubuhi akivaa sare yake ya kazi kwenda kutembeza wageni kwenye kingo za kreta, namwangalia mpaka ananiuliza kama ana kitu usoni. Ana uso tu, Baba, na mimi sijauzoea. Ukimwambia jambo anatulia kwanza, kama ulivyokuwa unatulia wewe, ndipo anajibu. Chai ya asubuhi anachemsha mwenyewe ananiletea kitandani, na wifi zangu wakilijua hilo watanicheka mpaka Krismasi. Tumepanga chumba na sebule hapahapa Karatu, upande wa juu, ambako ukungu ukishuka kutoka msituni unaingia mpaka jikoni. Sina kabati, sina pazia la maana, na sijawahi kuwa na raha kama hii.

Ndiyo maana nalia. Raha ikiingia inakuja na viatu vyake mpaka pale ulipokuwa unakaa, inakuta kiti kitupu.

Lakini sikuandikii harusi tu. Hukumu ya rufaa imesomwa. Kesi ya Nanyokie imekwisha, Baba, na wewe hujasomewa.

Nitaipanga tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Uliniambia hukumu inayoruka mwanzo inamwacha mtu barabarani. Ulinifundisha hivyo tangu niko kidato cha pili, jioni ukirudi kutoka mahakama ya mwanzo ulikokuwa mshauri wa mahakama, unayekaa na hakimu kuamua kesi. Ulikuwa unavua viatu, unanieleza kesi bila kutaja majina, halafu unasema, "Haya mama, amua." Nikiamua haraka unauliza, "Kwa nini?" Nikijibu unauliza tena, "Kwa nini?" Mama alikuwa anapiga kelele jikoni kwamba utamfanya mtoto awe kichaa. Nawe ulikuwa unacheka, unasema uamuzi bila sababu ni amri tu, na amri hata mgambo anaweza kuitoa.

Na lile la pili, ambalo nalibeba mpaka leo. Ulisema hukumu haiandikwi kwa ajili ya aliyeshinda. Aliyeshinda ameshafika mlangoni anasherehekea, hasikilizi kitu. Inaandikwa kwa ajili ya aliyeshindwa, ili akirudi nyumbani aweze kuwaeleza watoto wake kwa nini.

Basi, kesi. Mzee Sironga wa Olbalbal, ambaye leo ni baba mkwe wangu, alipotelewa na mtamba mwekundu wakati wa kiangazi kikali, walipokuwa wanapandisha ng'ombe kutafuta maji. Jina lake Nanyokie, yaani yule mwekundu kwa Kimasai. Baadaye akamkuta kwa mkulima wa vitunguu wa Baray, Mzee Hhawu. Mzee Hhawu akasema amemnunua mnadani, akatoa stakabadhi na kibali cha kusafirisha mifugo. Mzee Sironga akasema mtamba ana alama ya sikio ya ukoo wake. Mzee Hhawu akajibu kwamba ukoo mzima una alama hiyohiyo, na aliyemuuzia huenda ni wa ukoo huo. Hapo kesi ikakwama katikati.

Siku ya kusikilizwa mtamba aliletwa kama kielelezo, akafungwa kwenye uzio wa mahakama. Mkaahirisha kidogo mkanywe chai. Wewe ulikuwa umesimama kwa mama lishe na chapati mkononi. Hakimu yuko ndani, mshauri mwenzako amewapa mgongo anachagua andazi. Mzee Sironga akapita mbali, anaongea na mwanawe mambo yao ya nyumbani, wala hakumtazama ng'ombe. Nanyokie akasikia sauti. Akainua masikio, akalia, akavuta kamba mpaka kigingi cha uzio kikang'oka, akaenda mbio akachomeka pua yake kwapani mwa yule mzee, akatulia hapo. Na mzee akafunika macho yake kwa mkono.

Ulirudi nyumbani jioni ile hujavua hata viatu. Ulisema, "Leo ng'ombe ametoa ushahidi, na hakuna aliyemwapisha." Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mlipoandika maoni, hakimu na mshauri mwenzako walisema mtamba ni wa Mzee Hhawu, kwa sababu mdai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na alama ya ukoo haithibitishi mtu mmoja. Wewe peke yako ulisema ni wa Mzee Sironga, ukaeleza uliyoyaona pale kwenye uzio. Wakakushinda wawili kwa mmoja.

Sijasahau walivyokutania watani zako. Mzee Hhawu ni Mwiraqw mwenzetu, na wao wakaona umemtupa ndugu. Sokoni wakakuita kwa sauti, "Mzee wetu, umekuwa Mmasai lini? Kesho tutakuona na lubega!" Ukawajibu kwamba miguu yako ni myembamba mno, lubega litakuaibisha. Nyumbani lakini uligeuza kikombe bila kunywa.

Ndipo Lemayani akaja stesheneri ninakofanya kazi. Aliniletea nakala ya hukumu nimtolee kopi, wanataka kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaona jina lako. Akaweka kidole palepale, akaniuliza, "Dada, huyu mzee unamfahamu? Baba yangu anataka kumshika mkono. Ni mtu mmoja tu aliyemsikia ng'ombe wetu." Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu." Akatulia. Halafu akavua kofia yake, Baba, ndani ya stesheneri, mbele ya wateja! Nadhani nilimpenda palepale, ingawa nilijifanya nahesabu karatasi.

Nilipokupa salamu za Mzee Sironga, kwamba anataka kuja kukushika mkono, ulikataa. Nilikasirika nikakuambia huna shukrani. Ukaniketisha. Ukasema Mahakama ya Wilaya inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, na faili likarudi mezani kwenu. "Nitamtazamaje Mzee Hhawu usoni, nami nimeshakunywa chai na upande wa pili? Mwambie kesi ikiisha aje. Hata kama anakuja kunitukana, aje. Ila sasa kwangu asiingie."

Na mimi nilipokuambia kwamba mimi na Lemayani tunapendana, ulipandisha miwani yako. Ukasema, "Kupendana hakuna zuio la mahakama." Nikaruka. Ukamalizia, "Lakini kwangu asiingie. Na faili likirudi, mimi nitajitoa, nao watatafuta mshauri mwingine." Ulisema hivyo kwa sauti ndogo. Furaha ilinizidi siku ile, sikuona ulichokuwa unakitoa. Kile kiti ulikuwa unakipenda, Baba.

Akawa ananisindikiza jioni mpaka kwenye uzio wetu wa minyaa, anaishia hapo. Wewe kibarazani unainua mkono, yeye anainua mkono, halafu unageuza kiti kutazama ukutani, usije ukaanza kuongea ukasahau. Lemayani alikuwa anasema hajawahi kuona mtu anayemheshimu kwa kumpa mgongo.

Halafu siku ile ya mvua. Alikuwa amejibana chini ya mti wa jirani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kandambili. Mama akasema, "Wewe mzee, kijana wa watu ataumwa nimonia kwa ajili ya sheria zako." Ukaingia chumbani, ukatoka na mwamvuli wako mweusi, ule wa mpini wa mbao unaokwenda nao mahakamani, ukampa Mama ampelekee. Mama akakucheka, "Kumbe kesi imekwisha?" Ukajibu umekunja uso, "Mwamvuli si chai."

Tuliifanya ndiyo lugha yetu, mimi na yeye. Akinikatalia jambo kwa upole nasema, mwamvuli si chai. Hata juzi nimeisema. Kicheko kikanikatikia njiani.

Baba, asubuhi ile nilikuwa nakunja mashuka. Nilisikia kiti kinaburuzika. Ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu kwenda mahakamani, na kiatu kimoja kilikuwa tayari kimefungwa. Hospitalini daktari aliandika neno moja kwenye karatasi, akanipa pole, akaita mwingine. Nikasimama pale koridoni nikawa nauliza, kwa nini? Kwa nini? Hakuna aliyekuwa na zamu ya kunijibu. Hiyo haikuwa hukumu. Ilikuwa amri.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Tulikulaza nyuma ya nyumba, upande wa mahindi. Watu walikuwa wengi, hata Mzee Hhawu alikuja kutoka Baray, alishika jembe. Nikainua macho nikamwona Lemayani. Alikuwa nje ya uzio wa minyaa, palepale pake. Rufaa ilikuwa bado. Mkononi ameshika mwamvuli wako, ameufunga, na mvua yote inamnyeshea kichwani. Mjomba alimfuata kumwambia aingie, mzee mwenyewe si ameshaondoka? Akajibu, "Hajaniruhusu bado." Akasimama pale mpaka tulipoweka msalaba.

Nilikuwa natupa udongo, Baba, na nikajua nitaolewa na mtu huyu.

Sasa nikusomee.

Rufaa ilisikilizwa na hakimu mwanamke, mtu wa sauti ndogo. Mawakili wenyewe walilazimika kuinama mbele wamsikie. Nilikaa nyuma, Lemayani na baba yake mbele yangu, Mzee Hhawu upande wa dirishani. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeshamwambia Lemayani kwamba hakimu yeyote mwenye masikio atasoma maoni yako na kulia. Nilitaka ushinde, Baba. Ng'ombe nilikuwa nimemsahau. Nilitaka mtu mwenye muhuri aseme ulikuwa sahihi, nami nije nikupigie kelele hapo ulipo.

Alifika kwako. Alisoma maoni yako yote, neno kwa neno. Akasema umeandika kwa uangalifu, akakuita mshauri makini. Nikamshika Lemayani bega kwa nyuma.

Halafu akasema, lakini.

Akasema mahakama inaamua kwa yale yaliyoletwa mbele yake wakati imekaa, pande zote mbili zikisikia. Ulichokiona kwenye uzio ulikiona ukiwa kwenye chai. Mzee Hhawu hakuwepo kukiona. Hakupata nafasi ya kuuliza swali hata moja. Huenda angesema mtamba yule anamfuata kila anayempa chumvi. Huenda angeomba naye amwite, tuone. Hakuomba, kwa sababu hakujua kwamba kuna jambo la kujibu. Akasema mshauri akishakuwa shahidi, hakuna wa kumhoji, kwa sababu amekaa kwenye kiti cha kuamua. Na akasema, hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia, kwamba njia ilikuwepo. Ungemweleza hakimu palepale, mkarudi mkakaa, mtamba akafunguliwa mbele ya wote, Mzee Sironga akaongea, Mzee Hhawu akaongea, ikaandikwa. Jambo la dakika chache. Baada ya hapo mshauri angeweza kulitumia apendavyo.

Kisha akatazama yaliyobaki, stakabadhi, kibali, alama ya ukoo mzima, na akakubaliana na wale wawili. Mtamba ni wa Mzee Hhawu. Rufaa imetupwa.

Nilitoka nje nikamchukia yule mama. Nilitaka kumchukia kwa wiki nzima. Nikachukua nakala, nikakaa stesheneri baada ya wateja kwisha, nikaisoma nikitafuta mahali alipokosea. Nikafanya kama ulivyonifundisha. Kila alipoamua nikauliza, kwa nini? Akanijibu. Nikauliza tena, kwa nini? Akanijibu tena. Nikajiweka upande wa Mzee Hhawu, nikajiona nashindwa kesi kwa sababu ya kitu alichokiona mzee mmoja akiwa na chapati mkononi, na mimi sikuwepo. Nikafunga karatasi. Hakukosea, Baba.

Lakini bado naamini ng'ombe ni wa Mzee Sironga. Naamini vyote viwili, na vinaniuma vyote viwili. Kama ungekuwepo ungeniambia mahakama haisemi nani anasema kweli mbele za Mungu, inasema nini kimethibitika mbele ya watu. Nilikuwa naisikia hiyo sentensi kama somo. Sasa ndiyo najua ina uzito gani ikimwangukia mtu wako.

Niliogopa kwenda kwa Mzee Sironga. Nilidhani atasema familia yetu imemponza. Aliniomba nimsomee ule ukurasa wako tena, nje ya mahakama, tumekaa kwenye ukingo wa mtaro. Nikamsomea, nikaeleza. Akauliza swali moja, kama Mzee Hhawu kweli hakuwepo pale kwenye uzio. Nikasema hakuwepo. Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi baba yako aliona kweli, ila alikuwa kwenye kiti kisicho cha shahidi." Akanyanyuka, akakung'uta shuka. "Nimejibiwa," akasema. Akavuka akaenda kumpa mkono Mzee Hhawu, na wale wazee wawili wakaanza kuulizana habari za mvua.

Kesho yake Lemayani alikuja nyumbani. Safari hii hakusimama kwenye minyaa. Alipita uzio, akaja mpaka mlangoni, akasema, "Mama, nimeleta mwamvuli." Mama akautazama ule mwamvuli. Akamtazama yeye. Akasema, "Ingia, baba. Kesi imekwisha. Chai ipo." Akamwekea kwenye kikombe chako. Lemayani alikishika kwa mikono miwili mpaka kikapoa, na tulipokuwa hatumwangalii akakinywa chote.

Tulifunga ndoa kanisani hapa, kisha tukashuka Olbalbal kwenye boma la kwao. Sikuwa nalijua vizuri hili la bibi harusi wao. Ukifika huingii ndani. Unasimama pale, umeinamisha uso, hujibu, hutikisiki, mpaka wakutajie mifugo watakayokupa. Basi nikasimama juani, Baba, mwanao wa stesheneri, vumbi mpaka kwenye kope. Wifi mmoja akanitajia kondoo, nikakaa kimya. Mwingine mbuzi. Kimya. Vijana wakaanza kelele, "Mpe Nanyokie! Mzee, mpe Nanyokie!" Watu wakacheka sana.

Mzee Sironga akainua fimbo, wakanyamaza. Akasema, "Siwezi kutoa kitu ambacho mahakama imesema si changu." Akasema hivyo mbele ya boma zima, bila uchungu, kama anataja upepo unatoka wapi. Akanipa mtamba mwingine, mwekundu kidogo, mwenye doa tumboni. Kwa hiyo sasa haniiti kwa jina. Ananiita Pakiteng', nami namwita Pakiteng', ndiyo desturi yao kwa watu waliopeana ng'ombe. Nikaingia ndani nalia, wakadhani nawaogopa.

Nilikuwa nakuwaza wewe. Ulishindwa mara mbili, Baba. Na huyu mzee aliyeshindwa pamoja nawe alirudi nyumbani akaweza kuwaeleza watoto wake kwa nini. Ulichokuwa unakitaka ndicho hicho, si ndiyo?

Mimi bado sijaweza. Nikiulizwa kwa nini uliondoka na kiatu kimoja kimefungwa, sina cha kusema. Nitaendelea kuuliza. Sidhani kama nitajibiwa, na najifunza kuwa mke mwenye furaha huku swali liko wazi. Lemayani haniharakishi. Akinikuta nalia anakaa kando yangu.

Jumapili baada ya ibada tunakuja wote wawili. Atashika mwamvuli wako hata kama jua linawaka. Mimi nitakusomea ukurasa wote unaokuhusu, polepole, tangu alipokuita makini mpaka alipokukatalia, sitaruka mstari. Aliyeshindwa ndiye wa kusomewa, wewe ndiye uliyesema. Nakuahidi pia kwamba watoto wangu, Mungu akinipa, wataamua jioni na kuulizwa kwa nini, hata baba yao apige kelele jikoni.

Kisha tutamimina chai kwenye vikombe, tuinywe hapohapo kando yako, watatu. Unaweza kugeuza kiti sasa, Baba. Hakuna tena upande wa pili.

Lala salama.

Mwanao,
Paskalina, mke wa Lemayani